Tiba ya Dharura Huanzia Mdomoni mwa Duara

Tarehe 11 Agosti 2025 ardhi ilititia katika mgodi wa wachimbaji wadogo huko Nyandolwa, mkoani Shinyanga, na watu 25 wakafukiwa. Haikuwa mara ya kwanza kwa ukanda wa dhahabu kupatwa na msiba wa namna hiyo. Mwezi Oktoba 2015, huko Nyangalata wilayani Kahama, duara liliporomoka, na wachimbaji watano wakatolewa hai baada ya kukaa chini ya ardhi siku 41. Januari 2017, huko Nyarugusu mkoani Geita, wachimbaji 15 walifukiwa. Waokoaji wakawapelekea chakula kwa njia ya bomba, na baada ya siku tatu wote wakatoka wakiwa hai. Januari 2024, huko Ng'alita wilayani Bariadi, katika mkoa jirani wa Simiyu, wachimbaji 22 walipoteza maisha.

Baada ya kila msiba wananchi huuliza maswali mawili. Kwanza, kwa nini matimba hayakuzuia kuta za duara? Pili, kwa nini waokoaji walichukua muda mrefu kuwafikia waliofukiwa? Maswali hayo ni ya haki. Lakini liko swali la tatu ambalo huulizwa na wachache: tangu mchimbaji anapofikiwa gizani hadi anapolazwa kitandani hospitalini, nani ana dhamana ya uhai wake? Mara nyingi jibu ni kwamba hakuna mwenye dhamana hiyo. Wapo watu wengi wenye huruma na nguvu, lakini hayupo mmoja aliyefunzwa kazi hiyo na kupewa mamlaka ya kuiongoza. Kazi hiyo ni taaluma kamili ya sayansi. Inastahili kuwa kazi ya maisha kwa vijana wa Tanzania, na mahali panapofaa zaidi kuijenga ni Shinyanga na Geita.

Saa ya mwili haingoji gari

Mtu mzima ana damu ipatayo lita 5. Akipoteza karibu lita 2 kwa haraka, uhai wake umo hatarini. Mshipa mkubwa wa paja ukikatika, damu hiyo huweza kumwagika kwa dakika chache. Ubongo ukikosa oksijeni kwa dakika 4 hadi 6 huanza kuharibika. Hesabu hizi ni zile zile Dar es Salaam na London; tofauti ni umbali wa kufika hospitali. Basi pale ambapo barabara ni mbovu na hospitali iko mbali, mkono wa kwanza unaomgusa majeruhi una uzito mkubwa kuliko mkono wa bingwa unaomngoja mjini.

Machimboni yapo pia mambo ambayo macho peke yake hayawezi kuyatambua. Mwaka 1941, wakati London ilipokuwa ikipigwa mabomu, daktari Eric Bywaters aliwachunguza watu waliotolewa chini ya vifusi. Walitoka wakiwa na fahamu, wakazungumza, wakaonekana wamepona. Kisha baada ya siku chache wakafa kwa sababu figo zao zilikuwa zimeacha kufanya kazi. Ilithibitika kwamba msuli uliobanwa kwa saa kadhaa hufa, na uzito unapoondolewa, sumu iliyokusanyika humo huingia ghafla katika mzunguko wa damu. Potasiamu huweza kuusimamisha moyo papo hapo, na mayoglobini, protini itokayo katika msuli, huziharibu figo. Ndiyo maana mtu aliyebanwa muda mrefu hupaswa kuanza kutiwa maji ya chumvi mshipani kabla ya jiwe kuondolewa juu ya mguu wake, au angalau wakati linapoondolewa. Umati unaoliinua jiwe kwa shangwe, pasipo mtu wa kutoa agizo hilo, waweza kumwua yule unayemwokoa.

Hewa nayo ina hatari yake. Injini ya kuvuta maji ikiwashwa ndani ya shimo hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo hushikamana na himoglobini kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Mtu mmoja huanguka, ndugu yake hushuka kumfuata, na wa tatu hushuka kuwafuata wote wawili. Ujasiri usio na elimu huongeza hesabu ya maiti. Kanuni ya kwanza ya uokoaji, kwamba mtu asishuke kabla hewa safi haijapelekwa, yahitaji mtu mwenye mamlaka ya kuwazuia watu wanaolia.

Hata chakula chaweza kudhuru. Vita Kuu ya Pili ilipokwisha mwaka 1945, baadhi ya wafungwa waliokuwa wamekondeshwa na njaa walikufa baada ya kulishwa shibe ya ghafla. Mwili uliozoea njaa, ukipewa wanga mwingi kwa mara moja, huvuta fosfeti, potasiamu na magnesiamu kutoka katika damu na kuziingiza ndani ya seli, na moyo huweza kushindwa. Mtu aliyekaa ardhini wiki nyingi hulishwa kidogo kidogo, kwa kipimo na kwa uangalizi. Anayemkabidhi sahani ya ugali kwa mapenzi hana kosa, hakuna aliyemfundisha.

Yaliyokwisha kufanyika

Si kweli kwamba Tanzania inaanza mwanzo. Mwaka 2010 Hospitali ya Taifa ya Muhimbili ilifungua idara kamili ya tiba ya dharura, na mwaka huo huo Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili kikaanza kuwafunza madaktari bingwa wa fani hiyo. Wa kwanza walihitimu mwaka 2013. Tangu hapo majengo ya huduma za dharura yamejengwa katika hospitali nyingi za mikoa na wilaya. Mwaka 2019 Mkutano Mkuu wa Shirika la Afya Duniani ulizitaka nchi zote ziimarishe huduma hizo, pamoja na zile zinazotolewa kabla ya mgonjwa kufika hospitali.

Barabara nazo zimebadilika. Kwa miaka mingi mgonjwa aliyetoka Geita kwenda Hospitali ya Bugando, Mwanza, kwa njia ya Busisi, alingoja kivuko hata kama alikuwa akivuja damu. Daraja la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa kilomita 3, lilifunguliwa Juni 2025 na kuuondoa msubirio huo. Lakini daraja huwafaa walio hai. Haliwezi kumfunga mtu jeraha kule kijijini alikoumia.

Fundisho kubwa zaidi limetoka katika ukanda huu huu. Mpango wa m-mama, uliojaribiwa Sengerema na mkoani Shinyanga kabla ya kuanza kuenezwa nchi nzima mwaka 2022, uliundwa kwa ajili ya wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga. Mtu hupiga simu namba 115 bila malipo. Mpokeaji huuliza maswali kwa mpangilio, hupima uzito wa hali, kisha hutafuta gari la wagonjwa. Likiwa mbali, humwita dereva wa kijijini aliyekwisha kuafikiana na mpango, naye hulipwa kwa njia ya simu baada ya kumfikisha mgonjwa. Maajabu ya mpango huu hayamo katika mitambo. Yamo katika jambo moja: yupo mtu mwenye dhamana ya safari nzima, tangu simu inapolia hadi mama anapopokelewa.

Inafaa kuuliza: kama mama mwenye uchungu aweza kupatiwa mpango huo katika vijiji vya Shinyanga, kwa nini mchimbaji aliyevunjika uti wa mgongo, au kijana aliyegongwa na pikipiki katika barabara ya Kahama, asiandaliwe mpango wa namna hiyo hiyo? Msingi umekwisha kujengwa, na ukuta unaweza kuendelezwa juu yake.

Pingamizi na majibu yake

Wako watakaosema kwamba madaktari ni wachache, na kwamba kumtoa bingwa wodini na kumpeleka machimboni ni anasa. Hoja hiyo ina uzito, lakini inakosea juu ya kazi ya kiongozi wa tiba ya dharura. Haimpasi kiongozi huyo kukaa mdomoni mwa kila duara. Humpasa kuandika kanuni za matibabu, kuwafunza matabibu, wauguzi na madereva, kusikiliza simu penye utata, na kuchunguza kila kifo ili kijulikane ni wapi mnyororo ulikatika. Kwa njia hiyo daktari mmoja hutumia mikono ya watu mia. Huko Pittsburgh, Marekani, mwaka 1967, wananchi weusi wengi wao wakiwa hawana ajira walifunzwa kazi hii katika shirika la Freedom House, wakawa miongoni mwa wahudumu wa kwanza wa gari la wagonjwa nchini humo kupewa mafunzo ya juu. Kampala nako polisi na madereva wa teksi wamewahi kufunzwa huduma ya kwanza. Hawakuwa madaktari, wala haikuwa lazima wawe.

Wengine watasema kwamba wachimbaji wadogo hawatulii. Leo wapo hapa, kesho rashi imewahamisha. Lakini soko la madini lililofunguliwa Geita mwaka 2019 limeonyesha kwamba watu hao hao wanaweza kuratibiwa wanapoona faida. Penye dhahabu pana mgawo: mwenye leseni ana fungu lake, mwenye duara ana lake, wachimbaji wana lao. Si jambo gumu kwa machela, sanduku la huduma ya kwanza na mafunzo ya watu wawili kwa kila duara kupata fungu dogo katika mgawo huo kabla mawe hayajapelekwa karashani.

Tena nchi ya Wasukuma na Wanyamwezi ina desturi ambayo mataifa mengine yangeionea wivu. Mwano unapopigwa, kila mwenye nguvu hutoka, na asiyetoka hutakiwa kueleza sababu. Jeshi la jadi la Sungusungu, lililoibuka Kahama na Shinyanga mwanzoni mwa miaka ya 1980, liliutumia mwito huo kulinda ng'ombe. Jamii iliyoweza kujipanga kijiji kwa kijiji ili kufuata nyayo za wezi haiwezi kuambiwa kwamba imeshindwa kujipanga kwa ajili ya mtu. Kinachopungua ni elimu ya kile kinachopaswa kufanywa baada ya watu kukusanyika.

Wajibu wa shule

Elimu hiyo haina budi kuanzia darasani. Mwalimu wa baiolojia anayefundisha figo huko Geita ana mfano ulio karibu kuliko picha yoyote ya kitabuni. Mwalimu wa kemia aweza kueleza himoglobini kwa kuanzia injini ya maji iliyo shimoni. Mwanafunzi atakayejifunza kuzuia damu kwa kugandamiza jeraha, kumlaza vizuri mtu aliyezimia, na kutaja kwa usahihi mahali alipo anapopiga simu, amekwisha kuwa kiungo cha mnyororo.

Na kwa wale wachache watakaotaka kuufanya mnyororo huo kuwa kazi ya maisha yao, njia ipo wazi ingawa ni ndefu: masomo ya sayansi hadi kidato cha sita, miaka mitano ya udaktari, mwaka wa mazoezi ya kazi, kisha miaka mitatu ya ubingwa wa tiba ya dharura. Wengine watapitia utabibu au uuguzi, na taifa linawahitaji vilevile. Lililobaki ni kwa wenye mamlaka kuhakikisha kwamba atakapohitimu kijana aliyezaliwa Kahama au Nyarugusu, atakuta nafasi ya kazi yenye jina, mshahara na madaraka huko huko alikozaliwa, nje ya kuta za hospitali. Dhahabu ya ukanda huu imechimbwa kwa zaidi ya miaka 80. Ni haki kwamba wanaoichimba wawe na mtu mwenye dhamana ya uhai wao tangu saa ya kwanza.