Mali bila Daftari



Asimamaye leo penye daraja la Kigongo na Busisi, lililofunguliwa Juni 19, 2025, ataona safari mbili zikipishana. Pamba ya Sengerema na Geita yavuka kuja upande wa Mwanza. Na wachuuzi wenye marobota ya khanga na vitenge warudi kule kule pamba ilikotoka. Zamani wote walingoja kivuko. Sasa wavuka ziwa kwa dakika chache juu ya daraja la kilomita 3. Njia imekuwa fupi, nasi twafurahi. Lakini katika marobota yale limo swali ambalo wengi hatujaliuliza: ile michoro ya khanga ni mali ya nani?

Wazee wa Kanda ya Ziwa wakumbuka habari ya mizani. Kabla ya Uhuru mkulima alipeleka pamba yake kwa mnunuzi, na mizani ya mnunuzi ikasema uongo. Wakulima walijiunga, wakadai mizani ya haki, na mwaka 1955 vyama vyao vikawa shirikisho moja la ushirika la Victoria, ambalo marehemu Paul Bomani alikuwa kiongozi wake. Walijua kwamba jasho lisilopimwa kwa haki huishia mfukoni mwa mwingine.

Leo upo wizi usiohitaji mizani. Watosha macho. Tuchukue mfano wa kiwanda chetu kinachotoa khanga mpya. Mchoraji amekesha akipanga pindo, mji na jina. Kiwanda kimelipa mshahara wake, kimetengeneza vibao vya kuchapia, kimejaribu soko na kupata hasara ya michoro iliyokataliwa na akina mama. Khanga hii moja ikapendwa. Ndipo mtu mmoja anunuapo doti moja dukani, aipeleke kiwanda cha ng'ambo, na baada ya muda zarudi maelfu, pindo lile lile, mji ule ule, kwa bei ya chini. Yeye amegharimia doti moja tu. Khanga ya kiwanda chetu yalala ghalani, zamu ya usiku yafutwa, na mfanyakazi arudi nyumbani mikono mitupu. Hatusemi kwamba kunakili peke yake ndiko kulikoangusha viwanda vyetu vya nguo. Mashine kuukuu, umeme na uongozi mbaya navyo vina dhambi zao. Lakini kwa miaka mingi viwanda vimelalamikia jambo hili, nacho kilio hicho ni cha haki.

Dunia ina dawa yake. Sura ya bidhaa, yaani umbo lake, nakshi zake na mpango wa rangi zake, huandikishwa katika daftari la serikali. Aliyeiandikisha huwa na haki ya kuwazuia wengine wasiitengeneze wala kuiuza kwa muda maalumu. Mapatano ya biashara ya dunia yataka ulinzi huo usipungue miaka 10, na kwa michoro ya nguo yasema wazi kwamba gharama zisiwe kizuizi. Muda ukiisha, sura ile huwa ya wote.

Jambo hili si geni nchini. Ukoloni ulituwekea sheria iliyolinda Tanganyika sura zilizoandikishwa Uingereza. Mwenye kiwanda wa Manchester aliandikisha mchoro wake London, na ulinzi ukamfuata mpaka Mwanza. Fundi wa Mwanza alipotaka ulinzi ule ule, daftari lilikuwa London. Huo ndio uliokuwa usawa wa mkoloni!

Baada ya Uhuru, mwaka 1963, Tanganyika iliingia katika Umoja wa Paris wa kulinda mali za viwanda. Tukatunga Sheria ya Alama za Biashara mwaka 1986, na Sheria ya Hataza mwaka 1987. Ya kwanza yalinda jina na alama. Ya pili yalinda uvumbuzi. Sura ya bidhaa haikupata sheria yake. Tangu mwaka 1999 ipo njia ya kuiandikisha kupitia ARIPO, shirika la Afrika lenye makao Harare. Kenya iliweka daftari lake katika sheria ya mwaka 2001, Zanzibar mwaka 2008, Uganda mwaka 2014. Yafaa Bara nayo iwe na sheria yake na daftari lake, ambalo fundi wa Misungwi aweza kulifikia bila kuuza ng'ombe. Kweli nchi changa kama yetu zimeruhusiwa kungoja mpaka Julai 1, 2034. Lakini aliyeruhusiwa kungoja hakuamriwa kulala.

Twataka mambo mawili zaidi. Kwanza, jina la mchoraji liandikwe daftarini pamoja na la kiwanda, naye apate fungu lake mchoro wake unapoleta faida. Pili, mali ya wote isizungushiwe ua. Mwaka 2006 kampuni moja ya Uingereza iliomba kuandikisha neno "Kikoy" kuwa alama yake, kana kwamba vikoi vya pwani yetu havikuwa na wenyewe. Watengenezaji wa Kenya, wakisaidiwa na shirika la Traidcraft, walipinga, na ombi lile likaanguka. Daftari letu nalo likatae mtu anayeleta nakshi za mababu akidai kazibuni mwenyewe.

Na wewe fundi, usingoje Serikali peke yake. Sura huandikishwa ikiwa mpya. Ukiitembeza sokoni kwanza, waweza kuupoteza upya huo. Weka michoro yako pamoja na tarehe zake, jiunge na wenzako katika ushirika ili mgawane gharama, na uandikishe kabla ya kuipeleka kwenye maonyesho ya Nane Nane.

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Wazee wetu walipata mizani ya haki kwa sababu waliidai. Sisi nasi tulidai daftari.