Nani Aliyezipanga Tarumbeta?

Mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii aghalabu hutumiwa kuwaonya wafanyabiashara, lakini inawahusu pia walimu na wanafunzi wa muziki. Muulize mwanafunzi yeyote wa Nakuru, Molo au Kericho ni nani aliyeimba wimbo fulani wa dansi wa zamani, naye huenda akakutajia jina bila kusita. Kisha muulize ni nani aliyeamua saksafoni iingie wapi, tarumbeta ziitikie vipi na gitaa la pili lijibu nini. Hapo atanyamaza, na yamkini mwalimu wake atanyamaza pia.

Kazi ya kuamua mambo hayo ndiyo roho ya bendi kubwa. Huko Marekani, Duke Ellington aliongoza bendi ya jazi kwa takriban miaka 50 hadi alipofariki mwaka 1974, akitunga kwa kumzingatia kila mpigaji na sauti yake. Hata hivyo, wimbo uliokuwa utambulisho wa bendi hiyo, "Take the 'A' Train", ulitungwa na Billy Strayhorn, msaidizi wake ambaye wasikilizaji wengi hawakumjua. Leo wataalamu wanaweza kuchunguza ni nani aliandika nini, kwa kuwa karatasi nyingi za nota za bendi hiyo zimehifadhiwa katika makumbusho ya Smithsonian.

Jirani yetu Ethiopia ana mfano wa karibu zaidi. Mulatu Astatke, aliyezaliwa mwaka 1943, alisomea muziki Uingereza na Marekani, akarejea kwao na kuoanisha jazi na ngazi za sauti za Kihabeshi. Ellington alipozuru Addis Ababa mwaka 1973, alimkuta huko mwenyeji aliyeifahamu vyema lugha yao ya pamoja, yaani nota zilizoandikwa.

Sisi je? Bendi ya Mlimani Park ya Dar es Salaam, iliyoanzishwa mwaka 1978, ilipata sifa kubwa chini ya magwiji kama Michael Enoch. Katika bendi za aina hiyo, mtunzi alileta maneno na sauti ya wimbo, wapiga magitaa wakatafuta njia zao, kisha ala za kupuliza zikatungiwa viitikio. Yote hayo yalifanyika mazoezini, kwa masikio na kumbukumbu. Hapa Kenya, Simba Wanyika ya ndugu Wilson na George Kinyonga, waliotoka Tanga, ilisuka magitaa na saksafoni kwa ustadi usio na kifani. George alifariki mwaka 1992, Wilson akamfuata mwaka 1995, na bendi ikafikia kikomo. Santuri zimesalia, lakini ufundi wa kuzisuka sauti zile uliishi vichwani mwa watu.

Isidhaniwe kwamba haya ni mambo ya Dar es Salaam na Nairobi pekee. Mwaka 1950 Hugh Tracey alifika Kapkatet akanasa sauti za wasichana wa Kikipsigis waliolichukua jina la Mmarekani Jimmie Rodgers, aliyesikika katika santuri, wakaligeuza kuwa "Chemirocha". Baadaye, Kericho ikawa na studio na lebo ya Chandarana, iliyorekodi wanamuziki wengi wa Bonde la Ufa na wa magharibi mwa Kenya. Hazina hiyo imo mlangoni petu.

Sasa Mtaala wa Umilisi umeweka mkondo wa sanaa na sayansi ya michezo katika sekondari pevu. Hii ni fursa adhimu, lakini itakuwa bure iwapo mwanafunzi atafundishwa majina ya nota bila kupewa kazi ya kweli ya kuzitumia. Tunapendekeza kila shule yenye somo la muziki ichague wimbo mmoja wa dansi kwa muhula. Wanafunzi wausikilize kwa makini, waandike sehemu ya kila ala, kisha wajaribu kupanga upya kiitikio kimoja. Wale wanaoishi karibu na wanamuziki wazee wawatembelee, wawaulize nani alipanga nini, na kuandika majibu pamoja na majina yao.

Tunajua hoja itakayotolewa: shule zetu hazina saksafoni wala tarumbeta. Ni kweli, na Serikali haina budi kulitazama jambo hilo. Lakini kwaya yenye sauti nne tayari ni bendi ndogo. Mwalimu anayeandaa kwaya kwa ajili ya Tamasha la Muziki la Kenya, lililoanza mwaka 1927, anajua kuandika kwa solfa na kuzigawa sauti. Elimu hiyo hiyo yatosha kuandika viitikio vya saksafoni na kuwapa waimbaji wavitoe kwa midomo hadi siku ala zitakapopatikana.

Wazee waliozipiga nyimbo hizo wanapungua mwaka hadi mwaka. Kila anayeondoka bila kuulizwa huondoka na ukurasa ambao hapana mwingine awezaye kuuandika. Daftari ni la shilingi chache, na kalamu kadhalika. Walimu wetu wasingoje waraka kutoka Nairobi ndipo waanze kuandika.