Pikseli 4,096 Zinatosha, Acheni Visingizio!

Haya jamani, leo nina neno na ndugu zetu wanaosema kwamba gemu yenye pikseli chache ni uvivu wa mtengenezaji. Nimeyasikia hayo mara nyingi, na hasa kutoka kwa watu ambao hawajatengeneza hata gemu moja. Wao wanangoja. Wanangoja kompyuta yenye kadi kubwa ya michoro, wanangoja msanii wa 3D, wanangoja mfadhili. Wahenga walishawajibu: mchagua jembe si mkulima.

Kwa wasiojua, kuna kitu kinaitwa jamu ya gemu. Si jamu ya magari pale Thika Road, wala ile ya kupaka mkate! Ni shindano ambapo watu kote duniani huunda gemu kwa muda mfupi, chini ya masharti waliyopewa. Ludum Dare, iliyoanza mwaka 2002, iliwazoesha wengi kuunda gemu kwa saa 48. LOWREZJAM nayo ina sharti lake: picha yote ya gemu isizidi pikseli 64 kwa 64. Hizo ni pikseli 4,096. Skrini ya 1920 kwa 1080 ina zaidi ya milioni mbili.

Sasa huyo anayesema ni uvivu hebu ajaribu. Herufi ndogo inayosomeka ina upana wa pikseli 3, ongeza 1 ya nafasi, zinakuwa 4. Gawa 64 kwa 4: mstari mzima unabeba herufi 16 tu. Nilipounda gemu yangu ya boda boda anayekwepa mashimo, nilitaka maandishi yote yawe ya Kiswahili. "Mchezo umekwisha"... hesabu mwenyewe, ni 16 pamoja na nafasi ya katikati. Imeingia barabara, haikubaki hata nafasi ya alama ya mshangao! Boda mwenyewe ana pikseli 8 kwa 8. Helmeti yake ni pikseli mbili nyekundu. Ukihamisha moja tu, pikipiki inabaki haina mtu. Hapa huwezi kuficha gemu mbovu nyuma ya majani yanayopepea na maji yanayometameta. Ama inachezeka, ama haichezeki.

Na tusijifanye tumesahau. Ile gemu ya nyoka aliyoiandika Taneli Armanto kule Ufini ilitoka na Nokia 6110 mwaka 1997. Nokia 3310 ilipofuata mwaka 2000, skrini yake ilikuwa pikseli 84 kwa 48, yaani 4,032. Ni chache kuliko zile za LOWREZJAM! Wangapi kati yetu tuligombania simu ya mzazi kwa sababu ya nyoka huyo? Kuna aliyeuliza 3D iko wapi?

Wataniambia jamu hailipi kodi ya nyumba. Ni kweli, hailipi. Lakini nimesoma sayansi ya kompyuta miaka minne na kufaulu, na katika miaka hiyo yote hakuna aliyenidai kitu kimoja kilichokamilika, chenye mwanzo na mwisho, ambacho mtu asiyenijua angekifungua na kukitumia. Jamu inakudai hicho hicho, tena kwa tarehe isiyosogezwa. Ndiyo maana hasira yangu ni kwa hawa wanaowacheka wanaoanza: wanamfunza kijana kuota gemu ya miaka mitano asiyoimaliza, kumbe angekuwa na ndogo kumi zilizokamilika.

Kwa hivyo wewe mwenye laptopu ya mitumba inayopiga kelele kama posho mill, anza leo. Chora kwa 64, kisha kuza mara kumi kamili, usikuze mara tisa na nusu, pikseli zitapotoka. Achana na wanaongoja. Ukimaliza, nitumie niicheze.

Kazi kwenu!