Kiti cha Chama na Kiti cha Hakimu

Mara nyingi watu huuliza: Je, mtu aliyezoea kutetea chama chake barazani aweza kuwa hakimu wa watu wote? Mbunge hutumwa na waliompigia kura, wala si kosa akisema kwa ajili yao. Lakini hakimu hatumwi na mtu. Afanyeje basi yule anayeondoka katika kiti cha kwanza na kukalia cha pili?

Jibu tulitafute kwa jirani zetu wa Uganda, katika maisha ya Benedicto Kiwanuka. Alizaliwa mwaka 1922 katika nchi ya Buddu, upande wa Masaka. Wakati wa vita kuu ya pili alikuwa askari. Baadaye akawa mkalimani katika Mahakama Kuu, akigeuza maneno ya wenye mashauri. Akasoma Basutoland, kisha sheria huko London, akarudi kwao mwaka 1956 akiwa mwanasheria. Mwaka 1958 akashika uongozi wa Chama cha Demokrasia, ambacho wafuasi wake wengi walikuwa Wakatoliki. Chama kikashinda uchaguzi wa 1961, naye tarehe 1 Machi 1962 akawa Waziri Mkuu wa kwanza. Lakini mwezi wa Aprili kikashindwa, na uhuru ulipofika mwezi wa Oktoba, serikali ilikuwa mikononi mwa Milton Obote.

Mwaka 1969 serikali hiyo ikamtia kifungoni. Idi Amin alipotwaa utawala, Januari 1971, akamfungulia. Na mwezi wa Juni mwaka uleule akamfanya Jaji Mkuu, Mwafrika wa kwanza wa Uganda kushika cheo hicho.

Hapo ndipo palipokuwa na mtego. Aliyemtoa gerezani ndiye aliyempa kiti. Kwetu sisi Waafrika deni la namna hiyo ni zito, na asiyelilipa huitwa mtovu wa shukrani. Lakini sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Hakimu hawezi kulipa deni lake kwa haki ya mtu mwingine.

Septemba 1972 likaja shauri la Mwingereza mmoja aliyekamatwa na askari. Ilikuwa miezi ile Amin alipokuwa akiwafukuza Waasia. Kiwanuka hakuuliza rangi ya mtu huyo wala nani atakasirika. Aliamuru aachiliwe, akatamka kwamba jeshi halina uwezo wa kisheria wa kukamata watu. Tarehe 21 ya mwezi huo, watu wenye silaha wakamchukua mchana ndani ya Mahakama Kuu ya Kampala. Aliuawa, na mwili wake haukupatikana kamwe. Tangu 2018 mahakama za Uganda humkumbuka kila mwaka.

Sisi wa Goma hatuna haja ya kufafanuliwa maana ya mtu kuchukuliwa na wenye bunduki. Katiba ya Kongo ya mwaka 2006 yakataza mtu kuwa mbunge na hakimu kwa wakati mmoja, tena yasema kwamba aliyekamatwa aelezwe mara moja sababu yake, wala asishikwe na polisi zaidi ya saa 48 bila kufikishwa mbele ya mwenye mamlaka ya sheria. Maneno hayo ni mazuri. Lakini karatasi haisemi yenyewe. Yahitaji mtu wa kuyatamka siku ambayo kuyatamka ni hatari.

Mtu wa namna hiyo aanzia wapi? Enyi wazazi, aanzia nyumbani. Kila siku baba na mama hukalia kiti cha hakimu. Mtoto mpendwa akimpiga mwana wa jirani, mwamuaje? Ndugu aliyewakopesha fedha akimdhulumu mjane, mwasemaje? Watoto wenu watazama na kusikiliza. Mmoja wao huenda akakalia kiti kikubwa kesho. Naye ataamua kama alivyoona mkiamua.