Muuza Vifaranga Asijifanye Mwewe

Wahenga walinena kwamba kuku wa maskini hatagi, akitaga haangui, na akiangua, vifaranga huchukuliwa na mwewe. Siku hizi mwewe huyo amepata mshindani, naye hukaa nyuma ya meza ya duka.

Nasema hivyo kwa kuwa biashara ya vifaranga wa siku moja imeenea nchini mwetu. Katika maduka ya dawa za mifugo, yale tuyaitayo agroveti, utawaona wamesongamana ndani ya boksi kando ya magunia ya chakula. Mama aliyepata zamu yake ya chama hununua 20 au 30, akapewa chenji na kuagwa. Juma moja likipita nusu wamekufa, na karo aliyoitarajia imekufa nao. Akirudi kulalamika, huambiwa, "Mimi ni muuzaji tu, si daktari."

Jibu hilo silikubali hata kidogo. Zamani, katika jamii zetu nyingi, mtu alimpa jirani kuku amtunze, na vifaranga wakipatikana wakagawana. Mwenye kuku alieleza tabia zake na kuja kumjulia hali, maana hasara ilikuwa yao wote wawili. Leo fedha zikishaingia sandukuni, hasara yote huwa ya mnunuzi. Hapo ndipo utu ulipopotea.

Tuangalie kifaranga mwenyewe. Anapoanguliwa huwa na mabaki ya kiini cha yai tumboni, yanayomlisha kwa siku mbili au tatu. Ndiyo sababu aweza kusafirishwa kwa basi bila kufa. Lakini akiwekwa dukani siku nyingine bila maji, mnunuzi huuziwa kiumbe kilichokwisha dhoofika. Juma la kwanza huhitaji joto la nyuzi 32 hadi 35, kwa taa au jiko, kwa kuwa hana mama wa kumfunika. Tena yafaa awe amechanjwa ugonjwa wa Marek kiwandani alikoanguliwa, kisha achanjwe kideri na Gumboro katika majuma yafuatayo.

Ni mnunuzi yupi mgeni atakayeyajua hayo asipoambiwa? Kwa maoni yangu, kila boksi liuzwe pamoja na karatasi yenye tarehe ya kuanguliwa, aina ya kuku, chanjo zilizotolewa na siku ya chanjo ijayo. Na kwa kuwa chupa ya chanjo mara nyingi ni ya kuku 100 au zaidi, nayo haiwekeki ikishachanganywa, mwenye duka aandike majina ya wateja wake, awaite siku moja, wachangie chupa. Atapata faida, nao watapona hasara.

Mambo ni yayo hayo kwa wanaouza watoto wa mbwa kando ya barabara. Mtoto wa mbwa asitengwe na mamake kabla ya majuma manane, na anayemnunua lazima aelezwe habari za chanjo ya kichaa cha mbwa. Kenya ilianzisha mwaka 2014 mpango wa kuukomesha ugonjwa huo kwa binadamu ifikapo 2030. Tutafikaje ikiwa mbwa huuzwa kama njugu?

Wako watakaosema kwamba haya yataongeza bei. Karatasi moja ni shilingi ngapi? Isitoshe, sheria ya kuzuia ukatili kwa wanyama, Sura ya 360, inakataza kumnyima mnyama chakula au maji, na kumsafirisha kwa namna ya kumtesa. Kuku naye amo katika sheria hiyo.

Nawasihi wanunuzi nao wasinyamaze. Uliza kifaranga ameanguliwa lini na amechanjwa nini. Muuzaji asiyeweza kukujibu, mwachie vifaranga wake. Mwewe akikosa windo mara mbili tatu, ataacha kulizunguka boma.