Kisanduku cha intaneti nacho kinahitaji wanalugha

Katika ofisi moja hapa Kisangani niliona kisanduku cha kugawa intaneti kikitupwa. Umeme ulikatika, ukarudi kwa kishindo, taa nyekundu ikagoma kuzimika. Kurasa za kukirekebisha zilikuwa za Kiingereza, na watengenezaji walikwisha kuacha kukitolea programu mpya. Chombo kizima kikaitwa kibovu.

Ndani ya visanduku vingi vya aina hiyo mna Linux, programu ambayo kila mtu anaruhusiwa kuisoma, kuibadilisha na kuigawa. Tangu 2004 mradi wa OpenWrt umekuwa ukiitumia kuvipa uhai mpya visanduku vilivyoachwa na watengenezaji wake. Ila vichipu havisemi lugha moja. Linux ilizaliwa 1991 kwenye kompyuta ya Intel. Vichipu vya ARM, vilivyoanza Cambridge, Uingereza, mwaka 1985, vina amri nyingine. Vinapendwa katika vyombo vidogo kwa sababu havili umeme mwingi. Mwaka 1994 Russell King alianza kuihamishia Linux huko.

Kuhamisha huko ni kutafsiri, na ugumu wake sisi wanafunzi wa lugha tunaufahamu. Maneno yenyewe hugeuzwa na mashine. Kinachosumbua ni muktadha. Kompyuta ya mezani huweza kujitambulisha: nina hiki, nina kile. Bodi nyingi za ARM hukaa kimya kama mgeni asiyetaja ukoo wake. Lazima mtu aandike faili la kueleza taa iko wapi na waya wa mtandao unaingilia wapi. Faili hilo likikosekana, programu ni nzima lakini haijui imefika nyumba gani.

Wapo watakaosema hiyo ni kazi ya wahandisi, tuwaachie. Faili hilo, sawa. Lakini kurasa ambazo mtumiaji anazisoma ni kazi ya nani? Mwaka 2004, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kupitia mradi wa Kilinux kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili. Kazi ya namna hiyo haiwezekani bila watu wanaopima maneno.

Nasi tuna la kupima. Programu inayozuia wavamizi wa mtandao, wengine wameiita "ukuta wa moto". Mpe jina hilo mama mwenye duka la simu sokoni, atauliza ni ukuta gani unaoungua. Mwambie "santineli", ataelewa kabla hujamaliza, maana santineli analala mlangoni pake kila usiku. Je, tuandike santineli au mlinzi? Hilo ni swali la kitivo chetu, na halijibiwi na mhandisi.

Napendekeza jambo moja. Kila mwaka, kazi mbili au tatu za mwisho wa masomo ziwe tafsiri ya kurasa za OpenWrt kwa Kiswahili kinachosemwa hapa, zijaribiwe mbele ya watumiaji wa mjini, kisha zipelekwe kwa mradi wenyewe, ambao hupokea tafsiri za watu wa kujitolea. Kazi zetu nyingi huishia kabatini. Hizi zingewashwa kila asubuhi, na siku taa nyekundu ikigoma, aliye karibu angesoma la kufanya kabla ya kufikiria jalala.