NYUMBA NA MIFUGO: Mtoto wa Chatu Akataapo Chakula

Ndugu wasomaji, juma hili twamzungumzia mnyama asiye wa kawaida katika ukurasa huu. Mbali na chatu mkubwa ambaye Waganda humwita ttimba, nchi yetu ina chatu mwingine mdogo, apatikanaye kaskazini-magharibi, ambaye ni nadra kupita urefu wa mita moja na nusu. Akiogopa hujikunja kama mpira na kuficha kichwa katikati. Huko Ulaya na Marekani hufugwa majumbani kwa wingi, na wafugaji wote wamjua kwa tabia moja: kususa chakula, hasa akiwa mtoto.

Kwanza, sheria. Kwa mujibu wa Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2019, wanyama wa porini wamo mikononi mwa Serikali kwa niaba ya wananchi. Atakaye kufuga sharti apate kibali cha Mamlaka ya Wanyamapori ya Uganda, yenye makao yake Kamwokya, hapa Kampala. Askari anayehamishwa kutoka Pakwach asije na nyoka ndani ya sanduku lake la nguo. Maelezo yafuatayo yawahusu wenye kibali.

Jambo la kwanza la kuchunguza ni umri. Mtoto wa chatu atokapo katika yai, tumboni mwake mna akiba ya kiini cha yai. Kwa kawaida hali mpaka ajivue gamba mara ya kwanza, yaani baada ya juma moja au mawili. Anayempa panya siku ya tatu amewahi mno.

La pili ni baridi. Kampala imeinuka kiasi cha mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na usiku joto hushuka hata nyuzi 17. Pakwach, kando ya Nile, iko chini kwa karibu nusu ya kimo hicho. Nyoka hutegemea joto la mahali alipo. Akipoa, chakula hakisagiki tumboni. Kwa hiyo, nyoka aliyepoa akikataa kula, anajilinda. Upande mmoja wa sanduku lake uwe na nyuzi 31 au 32, na upande wa pili nyuzi 26 hivi, ili achague mwenyewe. Tumieni kipimajoto, kiganja cha mkono hudanganya.

La tatu ni hofu. Mpeni maficho madogo ambamo mwili wake utagusa kuta pande zote, kwani mahali pa wazi humtia wasiwasi. Watoto wa nyumbani wakatazwe kumshika mpaka azoee kula. Naye huwinda usiku. Basi apewe chakula jioni, taa zikiwa zimezimwa.

La nne ni chakula chenyewe. Kinachofaa ni panya mchanga aliyeanza kuota manyoya, asiyezidi unene wa nyoka. Akimkataa panya mweupe, jaribuni panya shamba, ambaye ni riziki yake ya asili. Panya huyo awe amezalishwa nyumbani. Wa kutegwa huenda amekula sumu, na viroboto wa panya wamewahi kuleta tauni katika Nile Magharibi. Panya mkubwa aliye hai asiachwe usiku kucha na nyoka, maana panya naye huuma.

Akikataa, kiondoeni chakula, mkajaribu tena baada ya siku tano hadi saba. Kila juma mpimeni kwa mizani ya gramu na kuandika uzito. Ukidumu, ngojeni. Ukipungua kwa sehemu moja ya kumi, mwoneni daktari wa mifugo. Chuo Kikuu cha Makerere kina wataalamu wa fani hiyo.

Kosa linaloua ni kumpanua kinywa na kumsukumia nyama kwa nguvu. Taya zake ni laini, njia ya pumzi i karibu, na akitishika hutapika akabaki dhaifu kuliko mwanzo. Kazi hiyo ni ya daktari, tena iwe ya mwisho.

Kwa jamaa wengine wa kambini, neno ni moja. Mkimkuta nyoka mdogo mwenye madoa majanini, msimwokote kwa kudhani ni chatu. Kifutu naye ana madoa, na mtoto wake huwa na sumu tangu siku anayozaliwa. Waondoeni watoto mahali hapo, mtu mmoja amwangalie kwa mbali, na Mamlaka ya Wanyamapori ipewe habari.

Mpaka juma lijalo, kwaherini.